Usiuze Maksai Ununue Miwani ya Kurukia Ndege

Najua mmeshaanza kusema nimepotea. Sijapotea, nilimezwa na testi, tatu ndani ya siku nne, hadi ugali wa kantini nikawa naula bila kujua ni ugali au karatasi. Leo nimepumua, nikasema ngoja niandike, maana kuna jambo la nyumbani limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili asubuhi shangazi yangu wa Mugumu alinipigia simu. Shangazi akipiga kabla ya ibada ujue kuna kesi. "Mwanangu, wewe ndiye uko chuo. Ongea na mdogo wako, anataka kuuza maksai anunue miwani!" Mimi nikadhani mdogo wangu macho yanamsumbua, nikaanza kutoa pole. Kumbe siyo miwani hiyo. Ni ile hedseti ya VR, uhalisia pepe wanavyoita wenye Kiswahili chao, unaifunga usoni kama mchomelea vyuma, halafu ukigeuza kichwa unaona dunia nyingine nzima. Anaitaka kwa ajili ya gemu za kurusha ndege.

Kabla hamjacheka, mjue huyu kijana ni mtu wa namna gani. Amekulia karibu na Fort Ikoma, ndege ndogo za watalii zinapita juu ya kichwa chake tangu anachunga mbuzi. Sisi wengine tulikuwa tukiona ndege tunakimbia tunapiga kelele. Yeye alikuwa anasimama kimya anasikiliza injini. Amemaliza kidato cha sita, bado anatafuta njia ya kuwa rubani, na njia yenyewe ina bei ambayo kwetu haitamkiki. Kwa hiyo gemu kwake siyo gemu tu. Na mimi mwenyewe ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo, nimeambukizwa na jamaa wa uhandisi hapa chuoni, mwaka wa pili sasa narusha ndege kwenye kompyuta yao wikiendi. Yaani shangazi alipeleka kesi kwa hakimu mwenye ndugu kizimbani, teh teh.

Nikampigia dogo. "Dada, kuna moja ya milioni nne," akaniambia, "wanasema ukishaipata hiyo umemaliza." Nikamuuliza, utaiunganisha na kompyuta gani? Akanitajia laptopu ya kaka yake, ile ya kuchapia barua za watu pale steshenari. Hapo nikajua shangazi ana hoja. Maksai wawili ndio plau ya nyumba ile. Wakiuzwa, msimu ujao mnalima na nini, na miwani?

Basi msimamo wangu ndio huu, na wanaoijua michezo hii wanipinge wakitaka: hedseti ndiyo kitu cha mwisho kuchagua. Kwanza jiulize unataka kuona nini. Pili kompyuta yako inaweza kuchora nini. Tatu kichwa chako kinavumilia nini. Bei inakuja baada ya hapo. Watu wengi wanaanza na bei, wanadhani ghali ndiyo nzuri, wanaishia kuwa na kofia ya milioni nne juu ya kabati.

Tuanze na kuona. Mimi nina njia yangu ya kupimia kila hedseti ninayoazima. Naondoka uwanja wa Musoma na Cessna ndogo, nafuata ufukwe wa Ziwa Victoria kuingia ghuba ya Mara, napita juu ya daraja la Kirumi, halafu naufuata Mto Mara kwenda mashariki. Unapita mabwawa na matete, kulia Serengeti kushoto Tarime, unafika Nyamongo kwenye mashimo ya mgodi wa dhahabu, unaendelea kuufuata mto hadi Kogatende ambako nyumbu huvuka, kisha unageuka kusini na kushuka Seronera. Hakuna kutumia ramani ya kwenye skrini, ni macho na mto tu.

Njia hii inakwambia ukweli kuhusu hedseti kuliko tangazo lolote. Mto ukiwa mbali, je, unauona kama mto au ni uchafu wa rangi ya kahawia? Ukiangalia saa ya kasi na saa ya mwinuko, namba zinasomeka bila kusogeza pua? Na ukifika kutua Seronera, ambako ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ndege inakwenda kwa kasi kubwa zaidi juu ya ardhi kuliko unavyohisi. Hapo lazima jicho likwambie bado umebakiza kimo gani. Kwenye skrini ya kawaida unakisia. Kwenye VR unaona, kwa sababu kila jicho linapewa picha yake, na ardhi inakuja na kina chake. Kwa mtu anayetua kwenye viwanja vya changarawe, hiyo ndiyo faida kubwa ya VR, na ni faida ya kweli, siibishii.

Urukaji wa Serengeti tangu zamani ni wa macho. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, na mwaka 1958 wakahesabu wanyama kutoka angani kwa kuchungulia dirishani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikufa baada ya ndege ile kugongana na tumbusi, akazikwa Ngorongoro. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Namtajia dogo habari hii kila mara ili akumbuke kwamba rubani wa kwetu kazi yake ni kuangalia nje. Hedseti isiyoonyesha nje vizuri haina maana hata kama ina taa za rangi.

Sasa kompyuta. Hapa ndipo pesa nyingi zinapozama, kwa hiyo tupige hesabu kama watu wazima. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama milioni 2. Meta Quest 3, iliyotoka mwaka 2023, ina 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, ukijumlisha macho yote mawili ni kama milioni 9. Pimax Crystal Light ya mwaka 2024 ina 2880 kwa 2880 kwa kila jicho, jumla karibu milioni 16 na nusu. Na siyo picha moja, ni picha mpya mara 72 hadi 90 kila sekunde. Kompyuta ikishindwa, picha inagandaganda wakati kichwa chako kinaendelea kugeuka, na tumbo linapinduka hapo hapo.

Kwa hiyo ukiona hedseti ina pikseli nyingi usifurahi tu. Kila pikseli ni mzigo wa kubebwa na kadi ya picha. Jamaa zangu wana kadi ya RTX 3060 yenye GB 12. Kwenye Microsoft Flight Simulator kwa VR inawafikisha, lakini wameshusha mawingu, wameshusha kila kitu. Ukiipa mashine hiyo hedseti kubwa kabisa, utashusha ubora hadi uone kile kile ambacho ungeona kwenye hedseti ndogo. Umelipa mara mbili kwa picha moja. Na laptopu ya steshenari isiyo na kadi ya picha yake yenyewe haiendeshi hata ile ndogo. Hedseti bila kompyuta ni usukani bila gari.

"Lakini dada, Quest inafanya kazi yenyewe bila kompyuta!" Kweli, mdogo wangu, ina gemu zake za ndani, zipo hata za ndege nyepesi nyepesi. Lakini Microsoft Flight Simulator na X-Plane, zenye Musoma na Seronera, zinahitaji kompyuta nyuma yake.

Ukiwa na kompyuta ya kutosha, mimi ningepanga hivi. Mwenye mfuko mdogo aangalie Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa kuanzia dola 299 Marekani, yaani zaidi ya laki saba kabla ya usafiri na ushuru. Lenzi zake ni za mtindo wa zamani, katikati panang'aa na pembeni ukungu, kwa hiyo saa za ndege lazima uzigeuzie kichwa. Quest 3 lenzi zake ni safi hadi pembeni, unasoma saa kwa kutupa jicho tu, na kwa mrukaji tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya pikseli. Hizo mbili zinaunganishwa kwa waya wa USB au kwa waifai. Mwenye PlayStation VR2 tayari anaweza kuitumia kwenye kompyuta kwa adapta iliyotoka mwaka 2024, nyeusi ya usiku inakuwa nyeusi kweli. Ila hiyo, kama Crystal Light, inataka tundu la DisplayPort, na laptopu nyingi zina HDMI tu. Angalia matundu ya mashine yako kabla ya kutuma hela. Msiniambie sikuwaambia.

Halafu kuna somo la HP Reverb G2, na hili ndilo linanifanya niogope mitumba. Ilitoka mwaka 2020, pikseli 2160 kwa 2160 kwa kila jicho, na warukaji wa dunia nzima waliipenda mno, ikawa kama ndiyo hedseti ya ndege. Lakini ilikuwa inategemea mfumo wa Microsoft uitwao Windows Mixed Reality. Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuwa wanauacha mfumo huo, na toleo la Windows 11 la 24H2, lililotoka mwaka 2024, likawa halina tena. Hedseti nzima, lenzi nzima, waya mzima, lakini haiwaki. Mwaka 2025 ikapatikana draiva isiyo rasmi ya kuzifufua, nayo inataka kadi ya Nvidia. Sasa wewe uko Mugumu, mtu anakuuzia moja kwa bei ya kutupa, unadhani Mungu amekukumbuka. Uliza kwanza inategemea programu ya nani, na mwenye programu bado yupo? Ng'ombe hawezi kufa kwa sababu kampuni ya mbali imebadilisha mawazo. Hedseti inaweza.

Tuje kwenye kichwa, maana wauzaji wengi wanasahau kwamba kitu hiki kinavaliwa. Siku ya kwanza mimi kuvaa hedseti ya kuazima nilidumu dakika saba, nikatoka nje kukaa chini ya mwembe na kichefuchefu. Nikajua VR si yangu. Baadaye jamaa mmoja akachukua rula akanipima umbali kati ya mboni za macho, kumbe lenzi zilikuwa zimewekwa mbali mno kwa uso wangu. Watu wazima wengi wako karibu na milimita 63, lakini si wote. Quest 3S ina nafasi tatu tu za kuchagua: 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu la kuzungusha. Kusimama mbele ya kioo na rula ni bure, fanyeni kabla ya kununua.

Na dada zangu, tuzungumze ukweli. Mikanda ya hedseti nyingi haikutengenezwa na mtu aliyewahi kusuka rasta. Ule mkanda wa kitambaa unaokuja na boksi unateleza au unavuta nywele hadi machozi. Mimi siku nikiwa nimesuka nashusha nywele zote nyuma na kufunga mkanda chini ya fundo, na bado nikitoka nina alama usoni kama nimelalia mkeka. Mwenye miwani ya macho naye ajaribu kwanza, fremu pana haziingii. Zaidi ya yote anza na dakika kumi, ongeza kidogo kidogo. Tumbo likianza kuuliza maswali vua, usijifanye shujaa.

Kuna bando na umeme pia. Microsoft Flight Simulator 2024 inavuta dunia kutoka intaneti wakati unaruka, na bando la mwanafunzi mnalijua, linaisha ukiwa bado unapasha injini. X-Plane unapakua mandhari ya Afrika mara moja, yanakaa kwenye diski yako. Kwa mtu wa wilaya ya Serengeti mimi ningeanza na X-Plane, au FlightGear ambayo ni ya bure kabisa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wapima hedseti hawaligusi. Unaweza kununua ya ghali kuliko zote, ukaruka juu ya kijiji chenu, ukaona pori. Lenzi hazina kosa hapo, kijiji hakimo kwenye ramani. X-Plane huchora barabara zake kutokana na OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Kama hakuna aliyechora njia ya kwenu, njia ya kwenu haipo, hata ukiwa na pikseli milioni 16.

Na Mara ramani hii ina historia yake. Mradi wa Crowd2Map Tanzania ulianza mwaka 2015, na moja ya sababu zake kubwa ni wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msichana anaomba msaada usiku, anataja jina la kijiji, na kijiji hakipo kwenye ramani yoyote. Unamfuata wapi? Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakaanza kuchora nyumba na barabara kwa kuangalia picha za setelaiti, na watu wa huku huku wakaongeza majina. Shirika la Hope for Girls and Women la Mugumu, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, limetumia ramani hizo kuwafikia wasichana. Kwa hiyo vile vijistari vya barabara unavyoviona chini ya bawa ukivuka Nyamongo kuelekea Mugumu havikuchorwa kwa ajili ya gemu. Mimi nilipojua hilo sikuruka tena njia ile kwa akili ile ile.

Nikampa dogo hukumu yangu. Maksai wabaki zizini. Nunua joistiki, hata iliyotumika, maana mkono ndio unaorusha ndege. Pakua programu ya bure inaitwa opentrack, inatumia kamera ya laptopu kufuata kichwa chako, ukigeuka kidogo, picha kwenye skrini inageuka. Haina kina cha VR, sidanganyi, lakini inakufundisha kuangalia nje, na hiyo laptopu ya kaka yako ikiweka picha za chini itajikongoja. Ukija huku nitakuvalisha hedseti mbili tatu za jamaa, tuone macho yako ni milimita ngapi na tumbo lako ni la namna gani. Ukipata kompyuta yenye kadi ya picha, ndipo tuongelee Quest 3, mpya, yenye programu iliyo hai. Na kila jioni chora nusu saa ya ramani ya kwenu. Haitaonekana kwenye X-Plane kesho asubuhi, lakini kuna programu ya bure, Ortho4XP, inayotengeneza mandhari kwa picha za angani na sehemu ya data hiyo hiyo, na ukija nitakuonyesha.

Nikamwonyesha rafiki yangu mmoja ujumbe huo akasema hayo ni mawazo ya kimaskini, eti VR ni VR, ukitaka kitu kitake kwa moyo wote. Nimemjibu hivi: mwenye kutaka kwa moyo wote ndiye anayepaswa kuchagua polepole. Aliye na hela za mchezo akikosea ananunua nyingine. Dogo akikosea, nyumba nzima inalima kwa jembe la mkono, na nyumbani hakuna atakayetaka tena kusikia neno ndege. Ndoto yake ndiyo itakayobeba lawama ya plau. Hicho ndicho ninachokilinda hapa, kuliko hata ng'ombe.

Jana usiku amenijibu. Hajafurahi sana. "Sawa dada, lakini joistiki nanunua na usimwambie mama bei." Halafu baada ya dakika kama ishirini akatuma nyingine, anauliza kwenye ramani njia ya miguu inachorwaje, maana ile ya kwao kwenda zahanati haipo.

Haya wadau, kesho nina lekcha ya saa moja asubuhi na sijafua. Mwenye hedseti ambaye macho yake ni chini ya milimita 60 anitafute, tulinganishe. Alamsiki.